Ndoo ya Kutembelea

Mwaka nilipokatazwa kufunga, kazi yangu ya Ramadhani ilikuwa kuonja chumvi.

Naeleza kwa wasioishi kwetu. Mtu aliyefunga akipika futari hapendi kuonja mwenyewe, kwa hiyo humwita mtoto mdogo, au mwanamke aliye katika siku zake, amwonjee. Mtaani kwetu Bagamoyo, upande wa mji mkongwe, watoto hawaaminiki kwa kazi hiyo. Wao kila kitu ni kitamu, ili waongezwe. Basi habari ilipoenea kwamba mwalimu mstaafu hafungi kwa sababu ya sukari, nikawa mwonjaji wa mtaa mzima. Ikifika saa kumi na moja jioni vibakuli vinaanza kuingia: magimbi, mihogo ya nazi, ndizi mbichi, kunde. "Mwalimu, samahani, hebu nionjee chumvi." Naonja. Nasema imekolea, au bado kidogo, au ongeza nazi.

Hakuna aliyenikosea adabu. Dini yenyewe imemwondolea mgonjwa uzito huo, na siku zangu nilizifidia kwa kulisha maskini kama inavyoelekezwa. Lakini nilikuwa nafunga tangu nina miaka kumi. Adhana ya magharibi ilipolia na wenzangu wakanyoosha mikono kwenye tende, mimi nilinyoosha wangu nikiwa nimeshiba kijiko kimoja kimoja cha futari za watu. Sikuipenda hali ile hata kidogo.

Ilipobaki kama miezi minne Ramadhani nyingine iingie, nikamuuliza daktari wa kliniki ya kisukari kama safari hii nitaweza kufunga. Daktari huyu ni binti mdogo niliyemfundisha darasa la nne. Zamani mimi ndiye niliyemwandikia "jitahidi" kwenye daftari lake. Sasa ananiandikia yeye kwenye kadi yangu, na mwandiko wake haujapona.

"Mwalimu, sukari yako inapanda na kushuka bila mpangilio," alisema. "Vidonge unameza. Chakula umepunguza..."

"Nimepunguza sana."

"Umepunguza kidogo. Mwili wako ndio umekaa. Toka ustaafu unatoka kitandani unakwenda kwenye kiti, unatoka kwenye kiti unakwenda jikoni. Tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba."

Nilimwomba arudie hilo la kuimba, akarudia. Akasema kama ninaweza kuimba, basi ninatembea kama bibi harusi, niongeze. Kama siwezi hata kuongea, nimezidisha, nipunguze. Nikaona ni kipimo kizuri, hakihitaji saa wala mashine.

"Shaaban ikianza uje tupime," akasema. "Tukiona imetulia, tutapanga namna ya kufunga."

"Na isipotulia?"

Nilikuwa nimeshamhadithia mambo ya vibakuli. "Isipotulia, Mwalimu, utaonja chumvi."

*

Kutembea si jambo gumu. Mtu yeyote mwenye miguu atakuambia hivyo. Ugumu ni kutembea Bagamoyo, mwanamke wa umri wangu, bila sababu.

Siku ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na raba nyeupe alizoniletea mume wangu. Mume wangu ni fundi seremala, anachonga milango, na yeye hajawahi kunenepa maishani mwake, kwa hiyo alizinunua kwa kukisia. Nilivuka barabara. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa barazani kwake. Nikampa shikamoo. Kwetu mkubwa hasalimiwi huku unatembea. Unasimama, unamgeukia, unangoja marahaba yake, na marahaba inafuatwa na habari za nyumbani, za watoto walioko Dar es Salaam, za mguu wa fulani. Kisha unaaga. Hatua thelathini mbele yuko mwingine. Mwanamke anayeuza vitumbua pale kwenye kona alinipigia kelele niende nikaonje vya leo. Nilipofika barabara kuu ilikuwa imeshapita nusu saa niliyoagizwa, na nilikuwa nimetembea hatua kama mia nne. Ningeweza kuimba kaswida nzima bila kukata pumzi.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu pia, nikaongezea na vitumbua viwili.

Nikajaribu kubaki nyumbani. Binti yangu alinitumia kwenye simu video ya wanawake wanarukaruka mbele ya kioo. Niliruka nao siku mbili sebuleni. Sikuona raha yoyote, na mume wangu akaniuliza kwa upole kama ninaweza kurukia uani, maana patasi zake zinacheza kwenye meza. Nikajaribu baiskeli yake. Hiyo sitaielezea.

Ndipo nikafanya uamuzi ambao mpaka leo mtaa unanitania nao. Niliamua kutoka mapema zaidi, mara tu baada ya Swala ya Alfajiri, nitembee haraka, na anayenisalimu nimpungie mkono bila kusimama. Nilijisemea kwamba nitawaeleza baadaye.

Asubuhi ile nilivaa kanga mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani kwa sababu kulikuwa na manyunyu ya vuli. Nikatoka kasi. Mzee wa nyumba ya pili alinikoholea, nikapunga mkono. Muuza vitumbua ndiyo kwanza anawasha mkaa.

"Mwalimu! Kulikoni?"

"Narudi!" nikasema. Sikuweza kusema zaidi, nilikuwa kwenye ile pumzi ya daktari. Na kwa bahati mbaya hapo hapo jasho likaniingia machoni, nikajifuta kwa ncha ya kanga.

Nilishika njia ya Kaole. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa huko, lakini sikuwa naenda kwake. Nilienda mpaka minazi ya mwisho kabla ya kona, nikageuka. Nilikuwa nimefurahi. Mapigo ya moyo nayasikia, mikono imechangamka, nimesoma jedwali la saba kwa sauti na nikapungukiwa na pumzi kwenye saba mara nane, sawasawa na maelekezo.

Niliporudi nilikuta ndara za wanawake mlangoni kwangu. Nyingi.

Wanaume walikuwa wameketi nje kwenye benchi za karakana ya mume wangu, kimya, vichwa vimeinama. Mume wangu yuko katikati yao, naye kainama. Ndani mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Mtu alikuwa ameleta gunia la mkaa, mwingine mchele. Uani sufuria ya uji ilikuwa inachemka, na si sufuria yangu.

Muuza vitumbua aliponiona mlangoni akaangua kilio. "Jikaze, Mwalimu! Jikaze, dada yangu!"

Niliwaza watoto wangu mmoja mmoja. "Nani?" nikauliza.

"Tunakuuliza wewe. Nani?"

"Nani nini?"

"Aliyetutoka."

Nilisimama na raba zangu nyeupe zilizojaa matope. "Hakuna aliyetutoka," nikasema. "Nilikuwa nafanya mazoezi."

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Baadaye nilipowahoji, kama mwalimu, nikaelewa kosa lilivyokwenda. Mwanamke mtu mzima aliyejifunika, anayekwenda mbio kabla jua halijatoka, asiyesimama kumwamkia mzee, na anayefuta machozi, kwetu ana maana moja tu. Muuza vitumbua akamwambia jirani. Jirani akaja kwangu kumpa mume wangu pole. Mume wangu hakujua lolote, ila akadhani nimepigiwa simu na watu wa kwetu Miono na nimeondoka kwa mshtuko bila kumwamsha, basi akajibu, "Tumeshapoa." Alipojibu hivyo, msiba ukathibitika. Na baada ya hapo hakuna aliyeuliza ni nani amekufa, kwa sababu kwenye msiba huulizi. Unakaa, unangoja uambiwe. Walikuwa wameketi nyumbani kwangu karibu nusu saa, watu zaidi ya ishirini, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Hatujamaliza kucheka, wifi yangu akaingia. Mtu wa bodaboda alikuwa amempelekea habari kwamba kuna msiba kwa kaka yake. Hakungoja kusikia zaidi. Alishuka akiwa analia kwa sauti, kanga inaburuzika, akapita katikati ya wanaume bila kutazama, kisha akarudi kinyumenyume hatua mbili.

"Wewe," akamwambia mume wangu, "si umekufa?"

"Bado," mume wangu akasema.

Alipoelezwa alinigeukia mimi. Kwetu mawifi wana ruhusa ya kutaniana mpaka mwisho wa utani, naye aliitumia yote. Alinichapa mgongoni kwa kanga yake. "Umeniulia kaka yangu njia nzima! Nimeshamlilia mpaka nimemsamehe mambo yake yote! Sasa nifanyeje, nimrudishie hasira?"

"Nisamehe, wifi. Ni sukari."

"Sukari! Wenzako wakiwa na sukari wanakunywa dawa. Wewe unafukuzana na nani alfajiri?"

Uji ulikuwa umeshapikwa, ukanyweka. Na mimi nilikunywa, kwa kuwa sikuwa na uso wa kukataa. Siku ile sikupima sukari.

Watu walipotawanyika wifi alibaki tunaosha vikombe. Nikamweleza vizuri: habari ya daktari, ya Shaaban, ya vibakuli vya chumvi. Alikuwa haijui hiyo ya vibakuli kwa namna ninavyoijua mimi. Naye alikuwa miongoni mwa walioleta. Akaacha kuosha.

"Wifi, shida yako si miguu," akasema. "Shida yako huna kitu mkononi. Kesho kutwa bamvua. Njoo kwangu saa tatu. Chukua ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Wewe chukua ndoo uone kama kuna mtu atakuuliza."

*

Nilichukua ndoo ya plastiki ya lita ishirini. Mzee wa nyumba ya pili nilimwamkia nikiwa natembea, akajibu, "Marahaba, wahi maji hayo." Muuza vitumbua alinipungia mwiko. Wote walionikuta njiani walitazama ndoo kwanza, kisha mimi, wakanipisha. Nilifika kwa wifi nikiwa nimetokwa jasho na sikusimama hata mara moja.

Sasa nieleze bamvua, maana mazoezi yangu yote yalijengwa juu yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Hizo ndizo siku za bamvua. Pwani yetu siku hizo maji hutoka mbali kabisa, na huwa yameshuka chini zaidi kama saa nne asubuhi. Mchanga unabaki wazi, na wanawake wanaingia. Katikati ya bamvua mbili kuna siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Hizo nitazirudia.

Wifi na wenzake walikuwa wanatanda uduvi, wale kamba wadogo mno wanaoanikwa juani. Kazi yenyewe ni hivi. Wawili mnashika nguo kuukuu, kila mmoja ncha zake mbili, ya juu na ya chini. Mnaingia majini mpaka magotini au mapajani. Pindo la chini linagusa mchanga, la juu linabaki usawa wa maji. Kisha mnatembea pamoja, hatua kama thelathini, bila kurusha maji, halafu mnainua kwa pamoja. Maji yanachuja, na katikati ya nguo kunabaki ukoko mweupe unaorukaruka. Mnaumimina ndooni. Mnarudia. Wanafanya hivyo kwa saa mbili.

Ukitaka kujua uzito wa maji, jaribu kutembea ndani yake umekamata nguo iliyojaa. Kwa mpigo wa kwanza mapaja yangu yaliwaka. Kwa wa tatu nilikuwa siwezi kuongea, achilia mbali kuimba. Wifi, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka miwili tu, alikuwa anaimba pamoja na wenzake.

"Mbona unakwenda upande, wifi? Nguo inapinda."

"Tuhesabu basi. Moja, mbili. Moja, mbili."

"Hapa si gwaride, Mwalimu. Sikiliza wimbo ulipo, weka mguu hapo."

Niliweka mguu hapo. Ilikuwa kweli, wimbo ndio uliotupangia hatua. Tuliponyanyua nguo na ule uduvi ukawa unametameta, nilipiga kelele kama mtoto aliyepata mia kwa mia. Niliporudi nyumbani saa sita mchana ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimekwenda kufanya mazoezi.

Nawaambia hivi wenzangu wa kliniki kila wakiniuliza. Usitafute kwanza mazoezi. Tafuta kwanza kitu ambacho ukikifanya unasahau kutazama saa, kisha mwulize daktari kama kinatosha. Mtu mmoja atakikuta shambani, mwingine kwenye ngoma ya harusi, mwingine kufagia uwanja wa msikiti. Mimi nilikikuta kwenye maji ya magotini, na nilikuwa nimekaa jirani nayo miaka thelathini nikiyaona kuwa ni kazi ya watu wengine.

Nilipomweleza daktari, alifurahi, kisha akauliza, "Unavaa nini miguuni?"

Hakuna anayevaa kitu miguuni kule. Akaniagiza viatu vya plastiki vilivyofunikwa mbele. Akasema mguu wa mgonjwa wa sukari ukichubuka unaweza usisikie, na usiposikia hutibu. Nilinunua yeboyebo za kijani. Wanawake walicheka mpaka nguo za kutandia zikawaponyoka mikononi.

"Bahari unaiingia na viatu kama mgeni wa hotelini?"

Nilivumilia bamvua mbili. Ya tatu, yeboyebo zikawa zinajaa mchanga, na kicheko kimenichosha, nikaziacha ufukweni. Siku hiyo hiyo gamba la chaza lilinikata chini ya kidole gumba. Sikulisikia. Mume wangu ndiye aliyeona damu kwenye sakafu jioni. Kidonda kidogo kama punje ya mahindi kilichukua wiki tatu kupona, kila siku kusafishwa na kufungwa, na maji ya bahari marufuku. Nilikaa kwenye kiti nikaisikia bamvua nzima ikipita bila mimi. Daktari hakunigombeza. Aliandika tu kwenye kadi kwa ule mwandiko wake, na safari hii niliusoma vizuri: "VIATU."

Wifi alikuja kunitazama. Hakutania. Alisema, "Nisamehe, wifi. Tulikuwa tunacheka tu." Nilipopona na kurudi majini, naye alikuwa amevaa yeboyebo, za waridi.

*

Bado palikuwa na tatizo la maji mafu. Bamvua inakupa siku nne tano, kisha kama wiki nzima maji hayaingiliki kwa kazi ile, au yanapwa saa za ajabu. Daktari alisema siku tano kila wiki, hakusema siku tano kila mwezi unapopendeza. Mara ya kwanza nilipumzika wiki yote, na niliporudi majini mapaja yalikuwa yamesahau kila kitu.

Nikaitazama ndoo pale uani. Nikaichukua, tupu, nikatoka.

Ilifanya kazi vilevile. Shikamoo, marahaba, wahi. Nilikwenda mpaka kwenye minazi ya mwisho njia ya Kaole na kurudi, nusu saa na ushei, ndoo inanipiga pajani. Wiki nzima hakuna aliyenisimamisha isipokuwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona wavu kando ya njia. Yeye maji anayajua kuliko saa.

"Mwalimu, leo maji mafu. Unakwenda kutanda nini?"

"Nakwenda kuhakikisha kama ni mafu kweli."

"Haya. Ukiyakuta yamefufuka uniambie."

Kesho yake alipaza sauti tangu mbali, "Bado yamekufa?" Nami nikajibu, "Bado!" bila kupunguza mwendo. Ukawa ndio utani wetu.

Muuza vitumbua ndiye aliyegundua. Aliona ndoo inakwenda kavu na kurudi kavu. Akanishika siku moja kwenye kona yake, akachungulia ndani ya ndoo, akanitazama usoni.

"Unanidanganya na ndoo tupu?"

"Wewe si ndiye uliyeniwekea msiba?"

Akacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye magoti yanamsumbua, toka alfajiri ameinama kwenye jiko. Wiki iliyofuata, akishamaliza kuuza saa tatu, tulikuwa ndoo mbili. Ya kwake aliiwekea kanga ndani ili ionekane ina kitu.

Kosa jingine nililolifanya nalisema ili lisimpate mtu. Uduvi wa nazi unaliwa na ugali, na mtu aliyetoka majini ana njaa. Mwezi wa kwanza nilikuwa natembea vizuri na kula vizuri zaidi. Sukari haikutikisika. Ilibidi nipunguze ugali kweli, si ule upunguzaji wa kumwambia daktari. Mume wangu alipima kwa macho ya useremala: ngumi yangu moja, basi. Nazi nikaipunguza ikawa tui jepesi. Mboga za majani zikajaza sahani.

Mwisho wa mwezi wa tatu, asubuhi moja ya bamvua, tukiwa majini na nguo imejaa, nilisikia sauti nisiyoizoea kwenye wimbo. Ilikuwa yangu. Nilikuwa naimba.

"Wifi," nikasema, "daktari kasema nikiweza kuimba niongeze mwendo."

"Usinitafutie balaa, wifi. Mimi sina sukari."

Tukaongeza mwendo, na yeye akanung'unika mpaka ufukweni.

*

Shaaban ilipoingia nilikwenda kliniki. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, sitaficha. Nilijipanga kwa kila jibu. Daktari alipima, akatazama madaftari ya nyuma niliyokuwa naandikia vipimo vya kila asubuhi, akatazama miguu yangu yote miwili, kidole kwa kidole. Alichukua muda mrefu. Nilikumbuka nilivyokuwa nawasimamisha watoto mbele ya meza yangu huku nasahihisha, na sikuwahi kujua kwamba inauma hivi.

"Haijawa nzuri kabisa," alisema. "Lakini imetulia. Haipandi na kushuka kama zamani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utafunga kwa masharti."

Akanibadilishia saa za vidonge. Daku nile, tena nichelewe kula, nisiruke hata siku moja. Nipime mchana, maana kupima hakubatilishi. Ikishuka chini ya pale alipopigia mstari, au nikitetemeka, nifungue hapo hapo bila kubishana na mtu. Kutanda nikuache mwezi ule, jua na njaa haviendi pamoja. Nitembee polepole baada ya futari, na rakaa za tarawehe zihesabiwe kuwa mazoezi. Aliniapisha kwa kila sharti, na kila mara niliitikia "ndiyo, daktari" kama darasa zima.

Na nisiwadanganye, sikufunga zote. Nilifunga siku ishirini na moja. Zilizobaki mashine ilikataa, nikafungua, mara mbili adhana ya alasiri ikiwa imeshalia. Ilikuwa chungu, lakini nilijua ninafungua kwa nini, na nilijua kesho yake huenda nikafunga.

Siku ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Wifi alikuja kufuturu kwetu, tukapika pamoja. Saa kumi na moja, kama mwaka uliopita, mlango ukagongwa. Muuza vitumbua, na kibakuli cha mihogo ya nazi kimefunikwa.

"Mwalimu, samahani, hebu nionjee chu..."

Akanitazama.

"Nimefunga," nikasema.

Alisimama pale na kibakuli chake. Kisha akamtazama wifi, ambaye alitikisa kichwa. Akachungulia karakana, mume wangu akatikisa kichwa. "Sasa mtaa huu nani ataonja?" akasema, na akakaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikamwambia aangalie, mtu akimwona hivyo ataleta mkaa.

Adhana ilipolia nilichukua tende moja. Nikanywa maji. Nikapima, nikaandika. Kisha tukavuta sahani. Mihogo ya muuza vitumbua haikuwa na chumvi hata chembe. Uduvi wetu, ambao mimi na wifi tulitia chumvi kila mmoja kwa wakati wake bila kuambiana, ulikuwa kama bahari yenyewe.

Mume wangu alitafuna taratibu, akameza, akanywa maji.

"Huu aliuonja nani?" akauliza.

"Mwonjaji amefunga," wifi akasema. "Kula."

Akachanganya mihogo na uduvi kwenye sahani moja, akala vyote.